Wimbi Ndani ya Bomba la Chuma

Kutoka Kitale hadi ufuo wa Bahari ya Hindi ni safari ya usiku kucha kwa basi, na mkazi wa Bungoma anaweza kuzeeka bila kuona maji yakijaa na kupwa. Habari za nishati safi inayotokana na mawimbi na kujaa na kupwa kwa bahari humfikia zikiwa za ng'ambo. Husikia kwamba La Rance, nchini Ufaransa, bahari ikijaa na kupwa imekuwa ikitoa stima tangu 1966, na kwamba Mutriku, nchini Uhispania, tangu 2011 mawimbi yanasukuma hewa ndani ya ukuta wa bandari na hewa hiyo inazungusha mitambo. Lakini lipo wimbi lisilohitaji bahari. Huzaliwa ndani ya bomba la chuma la inchi 2, hufanya kazi yake kwa muda mfupi kuliko ule wa kupepesa jicho, hufa, kisha huzaliwa tena, mara hamsini au sitini kwa dakika, mchana na usiku, bila petroli wala waya. Mashine inayolizalisha huitwa hidramu. Kazi yake ni kupandisha maji mlimani kwa nguvu ya maji yenyewe, na katika mashine zote nizijuazo hakuna ninayoipenda kama hii.

Nchi ya kati ya Kitale na Bungoma inaifaa kwelikweli. Mlima Elgon, wenye kilele cha Wagagai cha mita 4,321 upande wa Uganda, humwaga maji pande zote. Suam huenda kaskazini. Kuywa na Kibisi hushuka kusini na kuingia Nzoia, ambao ukifika Webuye huanguka kwa kishindo kwenye maporomoko ya Nabuyole. Kitale iko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, Bungoma mjini mita 1,400 hivi, na katikati ardhi imekatwa na mabonde mengi, kila bonde na kijito chake. Watu hawajengi bondeni. Hujenga mgongoni mwa kilima, penye barabara, penye upepo, pasipotuama maji. Kwa hiyo nyumba iko juu, maji yako chini, na katikati kuna njia nyembamba yenye utelezi inayopandwa na mama au msichana mwenye mtungi wa lita 20 kichwani. Njia hiyo ndiyo inayonifanya nijali mashine hii. Mtungi mmoja una uzito wa kilo 20, na nyumba yenye ng'ombe wawili wa maziwa haiwezi kutosheka na mitungi mitano.

Hidramu ina viungo vichache mno. Kuna bomba la kushushia maji kutoka kijitoni hadi kwenye mashine. Kuna valvu mbili, moja ikitazama nje na nyingine ikitazama ndani. Kuna chemba ya hewa, yaani chombo cha chuma kilichozibwa juu, na kuna bomba jembamba linalopanda kilima hadi kwenye tangi. Hakuna injini, hakuna gurudumu, hakuna mkanda, hakuna beringi ya kutiwa grisi.

Maji yanashuka bombani na kumwagika nje kupitia valvu ya nje, iliyo wazi kwa sababu uzito wake unaivuta chini. Mwanzoni yanakwenda polepole. Kisha yanashika kasi, na kasi ikitosha yanaisukuma valvu juu na kujifungia mlango. Hapo ndipo penye uhondo. Bomba la inchi 2 lenye urefu wa mita 12 lina maji ya kilo 24 hivi, na kilo hizo zote zilikuwa mwendoni. Aliyewahi kusimama ndani ya matatu iliyojaa, dereva akakanyaga breki ghafla pale Kamukuywa, anajua kwamba mwendo haukubali kufutwa hivihivi. Maji nayo hayabonyei kirahisi. Yale ya mbele yanasimama, ya nyuma yanayagonga, na shinikizo linaruka. Wimbi la shinikizo hilo linakimbia kurudi juu ya bomba kwa mwendo wa mita 1,200 hivi kwa sekunde. Katika bomba la mita 12, kwenda na kurudi kwake huchukua sehemu ya hamsini ya sekunde.

Mwanasayansi wa Kirusi Nikolai Zhukovsky ndiye aliyeliandikia wimbi hili hesabu yake mwaka wa 1898, baada ya majaribio kwenye mabomba ya maji ya Moscow. Hesabu yenyewe ni fupi: zidisha pamoja densiti ya maji, yaani uzito wa kila kipimo cha ujazo wake, kasi ya wimbi, na kasi yaliyokuwa nayo maji kabla ya kusimamishwa. Maji yaliyokuwa yakienda mita moja tu kwa sekunde, yakizuiwa papo hapo, yanaweza kuzaa shinikizo la kuinua maji zaidi ya mita mia moja kwenda juu. Kijito ambacho mtoto anakivuka kwa miguu kina uwezo huo, ukijua kukifungia njia.

Ndani ya hidramu shinikizo halifiki huko, kwa sababu kabla halijafika limepata pa kutokea. Valvu ya ndani inafunguka, maji kidogo yanapenya hadi kwenye chemba, yanaibana hewa iliyomo. Kisha wimbi linarudi, shinikizo linaanguka, valvu ya ndani inajifunga ili kilichopita kisirudi, na ile ya nje inadondoka kwa uzito wake mwenyewe. Maji yanaanza tena kushuka. Wakati huo huo hewa iliyobanwa chembani inatanuka taratibu na kuyasukuma maji yapande bomba jembamba bila kukatika. Hapo chini ni mapigo. Kule juu kwenye tangi ni mchirizi mmoja usiosita.

Sina budi kukaa kidogo kwenye chemba hiyo. Hewa ikiwa imefungiwa na maji chini ya shinikizo huyeyuka ndani yake na kuondoka nayo kidogo kidogo. Baada ya muda chemba hujaa maji matupu, na hapo kila pigo huigonga mashine kwa nguvu zote, hadi viungio vilegee na chuma kipasuke. Unaweza kufikiri dawa yake ni pampu ndogo ya hewa, au mtu wa kuja kila wiki na spana. Dawa yake ni kitundu. Fundi hutoboa kitundu cha milimita moja na nusu hivi chini kidogo ya valvu ya ndani. Kila wimbi linaporudi na shinikizo kuanguka, kwa kitambo kidogo sana mashine huvuta badala ya kusukuma, na kitundu hunyonya kiputo kimoja cha hewa. Pigo linalofuata hukiingiza chembani. Kitundu kikiwa kikubwa, maji yataruka nje kwa wingi na nguvu kupotea. Kikiwa kidogo mno, uchafu utakiziba. Anayekitoboa kwa kipimo sahihi amemaliza tatizo bila kuongeza hata kiungo kimoja, na mimi ufundi wa namna hiyo huuvulia kofia.

Aliyeanza si fundi mmoja. Mwaka wa 1772 John Whitehurst, mtengeneza saa wa Uingereza, aliunda mtambo wa kupandisha maji kwa wimbi hilihili, ila mtu alilazimika kufungua na kufunga bomba kwa mkono. Mwaka wa 1796 Mfaransa Joseph-Michel Montgolfier akaifanya valvu ijifunge yenyewe. Huyu ndiye yule ambaye, pamoja na ndugu yake, alirusha puto la hewa moto mwaka wa 1783, na dunia inamkumbuka kwa puto. Lakini kazi ya ukoo wao ilikuwa kutengeneza karatasi, na mashine yake ya maji aliiunda ili kukipatia maji kiwanda cha karatasi huko Voiron. Watu wa Bungoma wanalielewa jambo hilo upesi kuliko wengi, kwa kuwa Webuye ni mji uliokulia kwenye kiwanda cha karatasi kando ya Nzoia. Karatasi inataka maji mengi, na anayehitaji maji mengi kila siku hujifunza kuyatazama kwa makini.

Kutoka Ulaya mashine ilisambaa. Kampuni ya John Blake ya Accrington, Uingereza, iliyoanzishwa 1867, iliiuza katika nchi nyingi, na chuma chake kizito kilifika pia katika mashamba ya nyanda za juu za Kenya wakati wa walowezi. Hayo yalikuwa mashamba makubwa, na maji yaliyopandishwa yalikuwa ya mwenye shamba. Baadaye Afrika Mashariki ilianza kuiunda kwa mikono yake. Karakana ya Jandu Plumbers ya Arusha ilitengeneza hidramu zake yenyewe, na kuanzia Mei 29 hadi Juni 1, 1984, wahandisi walikutana Arusha kwa warsha ya mashine hii peke yake. Mkutano mzima kwa ajili ya valvu mbili na chemba! Chuo Kikuu cha Warwick nacho, kupitia kitengo chake cha teknolojia ya maendeleo, kilibuni hidramu za kuchomelea vyuma vya kawaida, ili karakana ndogo isiyo na tanuri la kuyeyushia chuma iweze kuziunda. Huko ndiko inakokaribia jua kali yetu. Kwa vipande vya bomba, tii, niplo, bolti nne na mashine ya kuchomelea, fundi wa Kitale au Kanduyi anaweza kuunda hidramu inayofanya kazi.

Kuiunda, hata hivyo, ni sehemu nyepesi. Ufundi mzito uko bondeni, na huanza kabla chuma chochote hakijakatwa.

Fundi mzuri hupima mambo mawili, na hapimi kwa macho. La kwanza ni wingi wa maji. Huzuia kijito kwa udongo na mawe, hupitisha maji yote kwenye kipande cha bomba, na huangalia ndoo inajaa kwa sekunde ngapi. Hurudia, kisha hurudia tena. La pili ni mteremko, yaani maji yataanguka mita ngapi kutoka pale yanapochukuliwa hadi mashine itakapokaa. Hapa hutumia mpira mwembamba unaopenya mwanga, uliojazwa maji, watu wawili wakishika ncha zake, kwa kuwa maji yaliyotulia hayadanganyi usawa. Hatua kwa hatua wanashuka na fimbo iliyotiwa alama, wakijumlisha. Kwa mpira huohuo wanapanda hadi mahali pa tangi. Jicho hudanganywa sana na mabonde ya Elgon: mteremko wenye migomba huonekana mkali kuliko ulivyo, na uwanda wa mahindi huficha mita mbili nzima.

Kisha bomba la kushushia. Sharti liwe la chuma, kwa sababu plastiki hutanuka kidogo kila wimbi linapopita na kumeza nguvu ambayo ingepandisha maji. Sharti linyooke. Kila kona hupunguza kasi, na mwenye haraka akitia elbo mbili ili kukwepa jiwe atakuja kujiuliza kwa nini mashine yake haina nguvu. Urefu nao una kiasi chake. Bomba likiwa fupi mno, wimbi hutokea kijitoni kabla ya kazi kwisha; likiwa refu mno, msuguano hula kasi yote. Wengi hulikadiria kati ya mara tatu na mara saba ya urefu wa mteremko. Mdomo wake wa juu huvishwa chujio na kuzamishwa chini ya uso wa maji, usije ukavuta hewa na majani. Mashine yenyewe hufungwa kwa bolti kwenye kitako cha saruji, maana hupigwa zaidi ya mara elfu sabini kwa siku, na kisichofungwa hutembea.

Halafu inakuja raba. Valvu hufunga juu ya raba, na raba hukatwa kutoka tairi kuukuu. Ikiwa laini mno hutafunika, ikiwa ngumu mno haizibi. Nimewahi kumtazama fundi akikunja vipande kadhaa kwa vidole, kimoja baada ya kingine, akiviweka kando bila neno, hadi alipopata alichokitaka. Akakikata kwa kisu kwa duara kamili, akakiosha, akakigeuza, akakata tena unywele mmoja. Aliyekuwa na haraka angekwisha kuondoka. Mimi niliona kazi.

Siku ya kuwasha hakuna swichi. Bomba la kupandia ni tupu, hivyo mashine haina mzigo wa kusukumana nao, na valvu ya nje ikijifunga hubaki imejifunga. Fundi huibonyeza chini kwa mkono au kwa kisigino, huiacha ijifunge, huibonyeza tena. Mara kumi, mara ishirini. Kila pigo huongeza maji kidogo kwenye bomba la juu, na uzito wa maji hayo ndio utakaoirudisha nyuma ile nguvu inayohitajika kuifungua valvu. Inafika mahali anaondoa mkono, na valvu inadondoka peke yake. Inajifunga. Inadondoka. Tangu hapo hamna anayehitajika.

Isipokuwa kuisikiliza. Juu ya valvu ya nje kuna washa za kuongeza uzito na nati ya kurekebisha mwendo wake. Uzito ukizidi, valvu hukawia kujifunga, maji hupata kasi zaidi, pigo huwa zito na la taratibu, na maji mengi humwagika. Uzito ukipungua, mapigo huwa mepesi na ya haraka, na maji machache yanatosha kuiendesha. Kiangazi kijito kikipungua, fundi hupunguza uzito. Masika yakirudi, huuongeza. Hakuna hesabu ya kitabuni itakayompa jibu la mwisho, kwa sababu kila bomba lina mikwaruzo yake na kila raba ugumu wake. Hutoa washa moja, hukaza nati, huhesabu mapigo kwa dakika, huenda juu kupima kinachoingia tangini, hushuka tena. Kupanda na kushuka huko huweza kuchukua siku nzima, na siku hiyo ndiyo inayotenganisha mashine itakayodumu miaka na ile itakayotelekezwa kabla ya mavuno.

Nitoe hesabu moja ili msomaji aone faida. Kijito cha lita 60 kwa dakika, mteremko wa mita 4, tangi likiwa mita 40 juu ya mashine, na ufanisi wa asilimia 60. Hidramu itapandisha lita 3.6 kwa dakika. Ni kidogo, kikombe baada ya kikombe. Lakini hailali. Kwa saa 24 ni lita 5,184, yaani mitungi 259 ya lita 20 isiyobebwa na kichwa cha mtu. Maji mengine, zaidi ya lita 56 katika kila 60, hurudi kijitoni safi kama yalivyotoka na kuendelea na safari yake kwa majirani wa chini. Nguvu yote inayoingia katika mashine hiyo ni wati 39, pungufu ya balbu moja ya zamani ya wati 40.

Maji ya Elgon yanajua kufanya kazi kubwa zaidi. Suam, ukiisha kupita Trans-Nzoia, hushuka hadi Turkwel, kwenye ukuta wa mita 153, na kituo chake cha megawati 106 kimekuwa kikilisha gridi ya taifa tangu 1991. Naliheshimu bwawa lile. Lakini bei ya kuivuta stima yake hadi kwenye pampu ya bondeni ni jambo jingine kabisa. Pampu za sola zimeingia na zinafaa sana penye kisima au penye uwanda. Penye kijito cha mwaka mzima na mteremko wa mita mbili tatu, mimi naona hidramu inashinda: haina betri ya kufa, haina paneli ya kuibwa, na kila kinachochakaa ndani yake kinapatikana kwa muuza vyuma na mshona viatu.

Udhaifu wake upo na ni wa kweli. Mvua za kwanza za Machi na Aprili huleta tope jekundu kutoka mashamba yaliyolimwa hadi ukingoni, chujio huziba, na mchanga hukwangua raba. Chuma chake huwavutia wanunuzi wa vyuma chakavu. Na hujitia aibu mbele ya anayetaka maji mengi kwa saa moja, maana yenyewe hutoa machache kwa saa zote. Nyingi ziliachwa pale injini ya dizeli ilipoingia, kwa kuwa injini hupandisha tangi zima kabla ya chai ya saa nne. Dizeli ilikuwa rahisi wakati huo.

Vyuo vya ufundi tunavyo, Kitale National Polytechnic na Sang'alo vikiwa karibu kabisa na vijito hivi. Wanafunzi wa mabomba na wa kuchomelea wangeweza kuunda hidramu kuwa kazi ya muhula mmoja, kisha waiteremshe bondeni na kuambiwa wasirudi darasani hadi valvu idondoke yenyewe. Na mwenye kijito anayetaka kujaribu asiende kupima wakati maji ni mengi. Angoje Januari au Februari, kijito kikiwa kimenywea kabisa, ndipo ajaze ndoo. Kipimo hicho ndicho cha kumpelekea fundi, na ndicho cha kuandika kwenye ombi la kibali cha kutumia maji kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Bomba litakalonunuliwa kwa kipimo cha Agosti litakuwa nene mno, na kufikia Krismasi litakuwa limelala kavu bondeni.